Mizani Itangulie Mgongo

Katika mashindano ya watu wenye nguvu umo mchezo wa kuinua gogo la chuma kutoka ardhini hadi juu ya kichwa. Mwaka 2012 Žydrūnas Savickas wa Lithuania aliinua kilo 220. Mwaka 2015, huko Leeds, Uingereza, alifikisha kilo 228. Ikapita miaka sita pasipo mtu wa kumzidi, hata Septemba 2021 mjini Glasgow, ambako Mwafrika mwenzetu wa Burkina Faso, Cheick Ahmed al-Hassan Sanou, maarufu kwa jina la Iron Biby, aliinua kilo 229.

Yafaa tuyatafakari mahesabu hayo. Mashujaa hao walitumia miaka tisa kuongeza kilo tisa tu. Tena kila kilo ilipimwa hadharani, mwamuzi akasimama kuhakikisha kwamba mikono imenyooka barabara, na mwinuaji akaruhusiwa kuutua mzigo mara moja na kwenda kupumzika. Hivyo ndivyo ulimwengu unavyoiheshimu nguvu ya binadamu inapokuwa mchezoni.

Sasa tuitazame nguvu hiyo hiyo inapokuwa kazini. Tunduma, katika Mkoa wa Songwe ulioanzishwa mwaka 2016, ni lango la nchi yetu kuelekea Zambia. Barabara kuu na reli ya TAZARA hupita hapo, na mazao ya Mbozi, Momba na Ileje hupakiwa kwenda mbali. Malori yana injini, lakini kati ya ghala na lori hutumika bega la kuli. Mnunuzi akitaka gunia lake liwe lumbesa, huongezewa debe moja juu na kushonewa kilemba. Debe moja la mahindi lina kilo 15 na zaidi. Basi kuli huyo huongezewa kwa dakika moja uzito unaopita ule ambao mabingwa wa dunia waliuongeza kwa miaka tisa, wala hapana mizani, hapana mwamuzi, na gunia la pili linamngoja.

Jambo hili si la Tunduma pekee. Gunia likitoka nyanda za juu kusini na kuvuka bahari, hamali wa Unguja au Pemba hulipokea na kilemba chake vile vile. Wahenga wetu wa pwani walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeagiza lumbesa haubebi uzito wake, na kwa hiyo hauoni. Mkulima naye hupunjika, kwani huuza kwa bei ya gunia moja mazao yaliyozidi gunia moja.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, pamoja na kanuni zake, hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umepewa kazi ya kusimamia hayo. Hata hivyo, kilo 100 ni kipimo cha biashara, si kipimo cha mgongo. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani, katika mkutano wake mjini Geneva, lilipendekeza kwamba mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja mzima usizidi kilo 55. Hivyo hata gunia halali linakaribia mara mbili ya kiasi hicho.

Watakaodai kwamba biashara itakwama wakumbuke kuwa saruji na mbolea huuzwa kwa mifuko ya kilo 50, nayo maduka hayajafungwa. Kwa nini mahindi yashindwe?

Tunawaomba wakuu wa wilaya, halmashauri na maofisa wa vipimo, wa Bara na Visiwani, watimize mambo matatu. Mizani iwekwe kila penye kupakiwa mazao na itumike. Makuli na mahamali walipwe kwa kilo, si kwa gunia, ili kila kilo iliyoongezwa imgharimu aliyeiongeza. Na magunia ya kilo 50 yaanze kuzoeleka masokoni.

Bingwa aliyeinua kilo 229 alistahili kushangiliwa. Kuli wa Tunduma hahitaji makofi. Anastahili kuujua uzito wa mzigo kabla hajatwikwa, na kuwa na haki ya kuukataa ukizidi.