Mabango ya Uwanjani Hayamlei Mtoto

Ukiingia katika uwanja wa shule ya msingi ya serikali nchini Uganda, mara nyingi miti hukusemesha kabla ya walimu. Vibao vya mbao au bati vimepigiliwa kwenye vigogo na kusimikwa kandokando ya njia, kila kimoja na amri yake: sema kweli, kataa zawadi za watu wazima, waheshimu wakubwa. Mtindo huu ulienea mwanzoni mwa miaka ya 2000, pale mpango wa Rais wa kuwaelimisha vijana kuhusu UKIMWI, maarufu kwa kifupi cha PIASCY, ulipozitaka shule zitoe ujumbe wa maadili mbele ya wanafunzi wote wakiwa mstarini asubuhi, na kuta na miti nayo isaidie kuhubiri. Gonjwa lilikuwa linamaliza watu, na hakuna wa kuibeza nia ile. Kilichobaki baada yake ni mazoea. Katika tarafa ya Nyakiyumbu, jirani ya mji wa Bwera na kivuko cha Mpondwe kwenye mpaka wa Congo, wilayani Kasese, kama ilivyo kwingi nchini, malezi ya tabia huchukuliwa kuwa maneno anayoambiwa mtoto akiwa katikati ya wenzake, na ushauri nasaha kuwa kazi ya pembeni, ya mwalimu mmoja, akipata nafasi. Mimi naona mpangilio huo umepinduliwa kichwa chini. Tabia ya mtoto wa shule ya msingi hujengwa zaidi siku anapokosea au anapoumia, kwa namna mtu mzima anavyokaa naye. Kwa hiyo ushauri nasaha ndio somo lenyewe la tabia, na vibao ni mapambo yake.

Ushahidi wa jambo hili una umri wa karibu miaka 100. Katika miaka ya 1920 watafiti wawili wa Marekani, Hugh Hartshorne na Mark May, waliwapima maelfu ya watoto wa shule kwa mitego midogo: mtihani ambao mtoto angeweza kujisahihishia, mchezo ambao matokeo yake angeweza kuyaongopea. Walianza kuchapisha matokeo yao mwaka 1928, na yakawaudhi wengi. Mtoto aliyekuwa mwaminifu katika jaribio moja alidanganya katika jingine, na kujua kanuni za uaminifu hakukusaidia sana kutabiri nani angedanganya. Wapo waliosema baadaye kwamba Hartshorne na May walitia chumvi, kwamba kuna kiasi fulani cha uthabiti katika mwenendo wa mtoto. Na iwe hivyo. Lakini mwaka 2010 serikali ya Marekani ilitoa tathmini ya programu 7 za kujenga tabia zilizoendeshwa katika shule za msingi 84, kwa watoto waliofuatiliwa kuanzia darasa la tatu hadi la tano. Kwa wastani, shule zilizopewa programu hizo hazikutofautiana na zile ambazo hazikupewa, si kwa mwenendo wala kwa masomo. Watetezi walijibu kwamba hata shule za kulinganishia zilikuwa na mafunzo yao ya maadili, na jibu hilo lina uzito. Hata hivyo linathibitisha jambo moja: kuongeza maneno juu ya maneno yaliyokuwepo hakuleti mabadiliko yanayopimika.

Uganda yenyewe ina ushahidi wa upande wa pili. Wilayani Luwero, shirika la Raising Voices liliendesha mpango wake wa Shule Njema, na watafiti wakaupima katika shule za msingi 42, nusu zikiwa na mpango na nusu bila. Mpango huo haukuongeza kipindi kwenye ratiba. Uliwataka walimu, wanafunzi na wazazi waipange upya namna shule inavyoishi: adhabu gani itumike na kwa nini, nani asikilizwe, mtoto alalamike wapi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba baada ya miezi 18, wanafunzi waliosema wamepigwa au kuumizwa na mfanyakazi wa shule katika wiki iliyotangulia walikuwa asilimia 31 kwenye shule zenye mpango, dhidi ya asilimia 49 kwenye zile nyingine. Watoto walijiona salama zaidi. Ila kuna sehemu ya ripoti ile ambayo wanaoisifia huiruka: afya ya akili ya watoto haikubadilika kwa kiasi cha kupimika, wala alama zao za mitihani. Mimi naiona sehemu hiyo kuwa ndiyo yenye faida kubwa kwetu. Inatuambia kwamba kiboko kikiwekwa chini, hofu hupungua, lakini mzigo ambao mtoto alikuja nao kutoka nyumbani unabaki mgongoni mwake. Kuutua kunahitaji mtu.

Mizigo ya upande huu wa milima ya Rwenzori nayo si ya kawaida. Chukua mtoto yeyote wa Kasese aliyezaliwa mwaka 2016. Novemba mwaka huo, mapigano katika kasri la mfalme wa Rwenzururu mjini Kasese yaliua watu zaidi ya 100, na familia nyingi za Wakonzo, wenyeji wa milima hii, zikaingia matangani. Juni 2019 mvulana wa miaka 5 aliyevuka mpaka na jamaa zake alifia katika hospitali ya Bwera, akiwa mgonjwa wa kwanza wa Ebola kuthibitishwa Uganda katika mlipuko uliotokea Congo, na watu wakaacha kupeana mikono. Machi 2020 shule zote nchini zilifungwa, na kwa madarasa ya chini zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Mei ya mwaka uleule wa 2020 mito ishukayo milimani, Lhubiriha ukiwa mmojawapo, ilifurika na kuwahamisha maelfu. Kisha usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wapiganaji wa kundi la waasi la ADF waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapohapo Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, na kuteka wengine. Mtoto wetu alikuwa na miaka 6 au 7. Huenda kaka wa jirani yao alisoma pale. Bango la mtini linamwambia awe na bidii, na huyu mtoto hata usingizi wa usiku haujamrudia vizuri.

Na mtoto wa umri huo haji kwa mwalimu akasema ana huzuni. Anasinzia kipindi cha hisabati, anampiga mwenzake kwa kugusiwa kalamu, anajikojolea, anatoroka, anakaa kimya hadi anaitwa jeuri. Kwenye daftari la mwalimu wa zamu yote hayo huandikwa utovu wa nidhamu. Utoro una sura yake hapa: siku ya gulio la Mpondwe madawati hupungukiwa watu, kwa sababu kuna mizigo ya kubebwa na vibanda vya kulindwa. Msimu wa mavuno, katika vijiji vinavyopakana na hifadhi ya Queen Elizabeth, kuna tembo wa kukeshewa ili wasimalize mahindi. Mwalimu anayemwona mtoro kama mvivu na anayemwona kama mlinzi wa shamba watampa mtoto yuleyule mafunzo mawili tofauti kabisa ya haki. Hata kumtambua ni nani kunataka utulivu. Wakonzo huwaita watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa, mvulana wa kwanza Mumbere, msichana wa kwanza Masika, hivyo kutangaza mstarini kwamba Masika aje ofisini ni kuita nusu ya safu. Anayetaka kumsaidia mtoto mmoja lazima ajue anamtaka Masika wa nani, wa kijiji gani, anayeishi na mama au na nyanya.

Wazazi wengi watasema: sisi tulichapwa na tukawa watu. Hoja hii haifai kudharauliwa, maana huisemea jamii iliyolea watoto wake kwa mkono mkali na upendo kwa pamoja. Sheria tayari imeamua: waraka wa wizara wa 2006 uliwakataza walimu kuchapa, na marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yakaifanya adhabu ya viboko shuleni kuwa kosa. Lakini katazo peke yake halishawishi mtu, kama zile asilimia za Luwero, zilizopimwa baada ya waraka ule, zinavyoonyesha. Jibu langu kwa mzazi ni la kiutendaji. Kiboko hufanya kazi upesi, na upesi huo ndio ubovu wake. Humfunza mtoto kwamba kosa ni kuonekana, na mara mwenye fimbo akigeuza kisogo, mtihani ule wa Hartshorne na May umeanza upya. Zaidi ya hayo, mwalimu aliyechapa asubuhi hawezi kusikiliza jioni. Mtoto anayeumizwa nyumbani, au msichana anayefuatwafuatwa na mwanamume njiani, hatamfungulia moyo mtu ambaye mkono wake anauogopa. Huwezi kumpa mtu yuleyule vyeo vyote viwili.

Ugumu mkubwa zaidi unatoka kwa walimu wenyewe, na hapo mimi nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Tangu elimu ya msingi bila ada ianze mwaka 1997, madarasa yamejaa. Kila shule hutakiwa iwe na mwalimu mlezi wa wasichana na mlezi wa wavulana, lakini kazi hiyo huongezwa juu ya vipindi vilevile, bila malipo, mara nyingi bila mafunzo ya kutosha, na mara nyingi ikaishia kugawa taulo za hedhi na kutuliza ugomvi. Kumwambia mtu huyo awe mshauri nasaha ni kumtwika bure. Ndiyo maana siombi mshauri wa kitaalamu kwa kila shule, jambo ambalo bajeti haitalifikia leo. Naomba vipindi viwili au vitatu kwa wiki viondolewe kwenye ratiba ya mlezi, viandikwe ubaoni kama vinavyoandikwa vya sayansi, na mwalimu mkuu asivichukue hata mitihani ya kumaliza shule ya msingi, PLE, ikikaribia. Chumba si lazima. Chini ya mwembe, mbele ya macho ya shule nzima lakini mbali na masikio yake, ni mahali salama kuliko stoo iliyofungwa mlango, kwa mtoto na kwa mwalimu. Wala mlezi hahitaji kutibu. Anahitaji kujua kusikiliza bila kuhukumu, kurudia tena wiki inayofuata, na kutambua pale jambo linapomzidi. Miongozo ya wizara ya 2014 ya kupokea na kufuatilia taarifa za ukatili shuleni inaeleza njia ya kulipeleka mbele, na ipo namba ya bure ya watoto, 116, ambayo Waganda wameipa jina la Kiswahili: Sauti.

Wapo pia wanaosema kazi hii ina wenyewe: kanisa, msikiti, ukoo, wazee wa vilima. Ni kweli kwamba katika jamii ya Wakonzo mzee wa kilima husuluhisha mengi, na kwamba mtu aliyefiwa huzungukwa na watu kuliko mjini. Shule isijaribu kuchukua nafasi hiyo. Ila mikusanyiko hiyo huzungumza na familia, na mtoto huketi nyuma, akiwa msikilizaji. Tena baadhi ya yanayomuumiza yako ndani ya ukoo wenyewe, na hapo mwamuzi ni ndugu wa mtuhumiwa. Kijiji ni kidogo, habari hukimbia kuliko bodaboda. Mtoto anahitaji mtu mzima mmoja ambaye si shangazi yake, na ambaye amemweleza mapema, kwa maneno anayoyaelewa, kipi atakificha na kipi hawezi kukificha. Ahadi ya kutunza kila siri ni ya uongo, na mtoto akigundua uongo huo mara moja, umefunga mlango kwa darasa zima.

Suala la mwisho ni lugha, na nashangaa kwamba mijadala ya malezi hulipita. Mtaala wa 2007 uliruhusu madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya mama, ambayo Nyakiyumbu ni Lhukonzo, kisha darasa la nne huvusha watoto kwenda Kiingereza. Katika shule nyingi, tangu hapo anayeongea lugha ya nyumbani huadhibiwa. Mtoto wa miaka 10 aliyefiwa anatakiwa ajieleze kwa lugha ambayo ndani yake amejifunza sehemu za ua na majina ya maziwa, na akishindwa anaitwa mkaidi. Mwalimu aliyehamishiwa hapa kutoka wilaya ya mbali naye hana Lhukonzo. Upande wa pili wa mpaka, Kasindi, Wanande huongea lugha inayokaribia kuwa hiyohiyo, na watoto wao waliokimbia vita wameingia madarasani Bwera wakiwa na Kifaransa kidogo na Kiswahili kingi cha sokoni. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, na mjadala wote uliofuata ulihusu biashara na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Pale chini ya mwembe Kiswahili kina kazi nyingine: mlezi asiye Mkonzo na mtoto asiye na Kiingereza wanaweza kukutana katika lugha ambayo si ya mtihani wala ya adhabu, wote wawili wakiisema kwa makosa, na hakuna wa kumsahihisha mwenzake.