BARAFU, MWALIMU WA MTOTO MDOGO

Mvua ya mawe inyeshapo Arua au Koboko, wakubwa huwaza mahindi yao shambani. Watoto huwaza kutoka nje kuokota. Kila mmoja hufumbata punje nyeupe kiganjani, akashangaa kuona inapungua na maji yanamtiririka mkononi. Hapo amekwisha kuanza masomo, ingawa hajaingia shule.

Si lazima kungoja mvua hiyo. Umeme wa gridi ya taifa ulifika Arua mwaka 2024, na asiye na jokofu aweza kuomba barafu kwa jirani.

Mama achukue vipande viwili vilivyo sawa, vikubwa kama ngumi. Kimoja akiweke wazi sahanini, cha pili akizungushie blanketi kuukuu. Kisha amwulize mtoto wa miaka minne au mitano: kipi kitakwisha kwanza? Wengi watajibu cha ndani ya blanketi, maana blanketi huleta joto. Mtoto aachwe angoje, aguse, alinganishe. Atakapofungua na kukuta barafu bado ipo, hali sahani imejaa maji, atataka kujua sababu. Blanketi halina joto lake lenyewe. Huzuia joto la nje lisiingie, kama lizuiavyo usiku joto la mwili lisitoke. Lakini mzazi asiharakishe kueleza. Amwulize kwanza mtoto aonavyo yeye, tena kwa lugha ya nyumbani, iwe Kilugbara, Kikakwa, Kinubi au Kiswahili. Baba arudipo jioni kutoka zamu kambini au kituoni, naye aombe kusimuliwa. Jambo lililoelezwa mara mbili hukaa.

Swali la mtoto lisidharauliwe. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba huko Tanganyika, aliona maziwa yake ya aiskrimu, aliyoyatia katika friji yakiwa moto, yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza, aliambiwa amechanganyikiwa. Hakuacha kuuliza. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, walichapisha habari hiyo, na wataalamu wanaibishania hata leo.

Yapo ya kuangaliwa. Vipande vidogo humkaba mtoto kooni, kwa hiyo asiachwe peke yake. Barafu iliyotoka sasa hivi katika friji hunata ngozini. Ingojewe mpaka ianze kung'aa kwa maji. Wengi hudhani baridi huua vijidudu. Sivyo: vya kipindupindu na vya homa ya matumbo huweza kuishi ndani ya barafu. Basi maji ya kugandisha yachemshwe, kwani hakuna mtoto atakayeshika barafu asiitie kinywani.

Yakibaki maji sahanini, yamwagiwe mboga.