Zinki Huliwa Ili Chuma Kipone

Mkulima anunuapo mabati ya kuezekea nyumba yake, au tangi la kuwekea maji ya mvua, hutoa fedha ambazo zingeweza kulipa karo ya mtoto. Yafaa basi ajue ni kitu gani kiilindacho mali yake hiyo isiharibiwe na kutu. Wengi hudhani kwamba zinki iliyopakwa juu ya bati ni kama rangi tu. Sivyo. Zinki hulinda chuma kwa njia ya umeme.

Elimu hii ilianza Italia. Mwaka 1800 Alessandro Volta alieleza jinsi alivyopanga vipande vya zinki na vya shaba au fedha kwa zamu, na kati ya kila jozi akatia kitambaa kilicholowa maji ya chumvi. Umeme ukapita. Hiyo ndiyo iliyokuwa betri ya kwanza.

Sababu yake ni hii. Madini yote yana chembe ndogo mno za umeme ziitwazo elektroni, lakini hayazitoi kwa wepesi ulio sawa. Zinki ni mkarimu, chuma humfuata, na shaba ni bahili. Walimu wa kemia hupima tabia hiyo kwa volti: zinki ni hasi 0.76, chuma hasi 0.44, na shaba chanya 0.34. Basi tofauti kati ya zinki na shaba ni volti 1.10. Mwanafunzi aweza kuchoma msumari wenye zinki na waya wa shaba katika ndimu moja, visigusane, kisha apime. Ataona karibu volti moja, ingawa umeme huo hautoshi kuwasha taa ya tochi.

Sasa tutazame paa. Kutu huanza wakati chuma kinapotoa elektroni zake, na penye maji oksijeni ya hewa ikazipokea. Lakini bati likikwaruzwa hata chuma kikaonekana, zinki iliyo kando yake hutangulia kutoa elektroni, ikaliwa badala ya chuma. Ufundi huu wa kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa ulipewa hati Ufaransa mwaka 1837, kwa jina la Stanislas Sorel. Hata hivyo, zinki ikiisha, mlinzi hayupo tena.

Kwa hiyo yatupasa kuangalia mambo matatu. Kwanza, mabati yasipigiliwe kwa misumari ya shaba, wala maji yaliyopita katika bomba la shaba yasiingizwe katika tangi la zinki, maana hata shaba kidogo iliyomo majini huharakisha kuliwa kwa zinki. Pili, mbolea ya chumvichumvi isirundikwe ikigusa mabati, na majani mabichi yasiachwe juu ya paa, kwa sababu chumvi na unyevu huzidisha kazi ya umeme huo. Tatu, mahali penye kutu pasuguliwe mapema na kupakwa rangi yenye unga wa zinki.

Kijana anayejifunza hesabu hizi za volti shuleni asidhani kwamba ni za kujibia mtihani tu. Arudipo nyumbani wakati wa likizo, na aikague misumari ya paa la baba yake.