Ngoma ya kukodiwa: pigeni hesabu kabla ya kupanda gari

Mavuno yakishaingia ghalani, Usukumani huanza msimu wa ngoma. Bagika na Bagalu hushindana, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi. Wachezaji ni wakulima. Bugobogobo huchezwa kwa majembe, kwani asili yake ni vikundi vya kulima kwa pamoja.

Siku hizi vikundi hivyo hukodiwa kwa harusi na Nanenane, na hapo ndipo hesabu hupotea. Kikundi kimoja nilichokaa nacho kilifurahia malipo yake mpaka tulipoondoa nauli, chakula na ngozi mpya ya ngoma. Kilichobaki hakikufidia siku mbili ambazo kila mchezaji aliacha kuchuma pamba.

Ndugu kiongozi wa kikundi, andikianeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja: mtacheza saa ngapi, gari ni la nani, mtakula wapi. Nusu ya fedha ilipwe kabla hamjaondoka kijijini. Mwenye shughuli naye atakuwa na karatasi ya kudai msipofika.

Akiwaambia "mtatunzwa hukohuko ukumbini", msikubali. Tuzo ni nyongeza, haiingii kwenye bei.