Kimea: utamu unaotoka ndani ya unga

Jioni hii fanya jaribio dogo. Weka mdomoni tonge la ugali, ambao wengi wetu tunauita bukari, bila mboga, ulitafune polepole bila kumeza. Baada ya muda utaonja utamu kidogo. Hakuna aliyetia sukari. Mate yana kimeng'enya kinachokata wanga, na wanga ukikatwa hutoa sukari iitwayo maltosi, ambayo ni vipande viwili vya glukosi vilivyoshikana.

Kazi hiyo huendelea katika utumbo mwembamba. Hapo kimeng'enya kingine, maltesi, huvitenganisha vile vipande viwili, na glukosi huingia katika damu.

Mbegu nayo hufanya hivyo hivyo inapochipua, ili kulisha mche wake. Watu wa Ankole na Kigezi wanaotengeneza bushera wanaujua utamu huo tangu zamani.

Akina mama, jambo hili linawahusu hasa. Tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba kama kikombe kimoja tu cha chakula. Uji mzito hawezi kuumeza, kwa hiyo tunaongeza maji, na mtoto anashiba maji. Unga wa kimea hukata wanga, na uji mzito hulegea ndani ya dakika chache. Utafiti wa kijiji cha Luganga nchini Tanzania, uliochapishwa mwaka 1990, ulihusu uji wa namna hii kwa watoto wadogo.

Lakini tusidanganyane: kimea chenyewe hakiongezi nguvu. Faida yake ni kwamba unaweza kutia unga mwingi zaidi katika kikombe kile kile. Ukitia unga kidogo kama zamani, umepata uji mtamu tu.

Loweka ulezi safi usiku mmoja, mwaga maji, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu hadi uchipue. Anika juani ukauke kabisa, sugua vimea na vimizizi vitoke, kisha saga. Ukiona ukungu, tupa wote. Pika uji mzito, uepue, uache upoe kidogo, kisha koroga kijiko kimoja cha chai cha kimea. Ukikitia uji ukiwa unachemka, kimeng'enya hufa na uji haulegei. Ukishalegea, urudishe motoni uchemke tena ili kuua vijidudu.

Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 apewe maziwa ya mama peke yake. Aliyekonda sana au aliyevimba miguu apelekwe kliniki, kwani uji huu si dawa yake.

Wengine watauliza kuhusu mtama. Unafaa, ila vimea vyake vina sumu ya sianidi, kwa hiyo usiache hata kimoja kabla ya kusaga. Kwa watoto ni afadhali ulezi.