Simu ya Kupangusa na Penzi la Mbali: Aplikesheni za Kuweka, Aplikesheni za Kufuta

Kama uliwahi kupenda enzi zile za kubip, unaijua shida yake. Bip moja maana yake "nimefika", bip mbili maana yake "nipigie", na mwenzio akipokea kwa bahati mbaya, basi vocha imekwenda na ugomvi umeanza. Hela ya matumizi ilisafiri ndani ya bahasha kwa kondakta wa basi, au ulikwangua vocha ukamsomea mwenzio namba ili akaiuze dukani apate chochote. Mwaka 2008 M-Pesa ikaingia Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya, na mambo ya bahasha yakaanza kufa taratibu.

Leo ukisimama Nanyala, ile kata ya Mbozi iliyopo kwenye barabara kuu ya kutoka Mbeya kwenda Tunduma, utakuta kijana ana simu ya kupangusa yenye laini mbili na aplikesheni chungu nzima, nusu yake hajui zilikuja lini. Mawasiliano yapo tele. Lakini ugomvi nao haukubaki nyuma, umehamia humo humo kwenye kioo.

Tuchukue mfano wa wawili wa kawaida kabisa. Bibie anafundisha shule ya msingi Nanyala. Bwana yuko Tunduma wiki nzima kwenye kazi za kutoa mizigo forodhani, anarudi Jumamosi jioni akijaliwa. Njia ni hiyo moja, unapita Mlowo, unapita Vwawa ambayo ni makao makuu ya mkoa tangu Songwe ilipokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, halafu unajipenyeza kwenye malori ya kwenda Zambia na Kongo. Watu wa aina hii wapo wengi. Pengine hata wewe ni mmoja wao, ila wewe uko Kibaha na mwenzio yuko Kariakoo.

Saa inayodanganya

Nianze na kitu kidogo ambacho sio hata aplikesheni ya kupakua, maana kimewagombanisha watu bure. Tunduma na Nakonde zimebanana kiasi kwamba ukiwa umekaa upande wetu, simu inaweza kudaka mnara wa Zambia. Na Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu ikidaka mnara wa ng'ambo huku imeruhusiwa kujirekebisha saa yenyewe, inajirekebisha kweli! Bwana ameahidi kupiga saa mbili usiku, anapiga saa tatu akiapa kwamba kioo chake kinaonyesha saa mbili kamili. Bibie kule Nanyala ameshanuna, ameshalala, na ameshamsimulia dada yake.

Dawa yake ni ndogo. Ingia kwenye mipangilio ya simu, zima ile ya kujirekebisha majira yenyewe na uchague Dar es Salaam kwa mkono. Halafu kwenye mipangilio ya mtandao, chagua mwenyewe kampuni yako badala ya kuiachia simu itafute. Hapo umeokoa pia salio, maana mitandao ya nje haina huruma.

Na kwa wale ambao wapenzi wao ni madereva wanaovuka mpaka na kwenda mbele hadi Lubumbashi, kuna jambo wengi hawalijui: WhatsApp inabaki na namba yako ya Tanzania hata kama bando unalotumia ni la laini ya Zambia. Kwa hiyo hakuna haja ya kuambiwa "nilibadilisha laini ndio maana hukunipata". Simu ya laini mbili inamaliza kazi. Ile ya nyumbani ibaki ndani ya simu, kwa sababu siku ukihitaji meseji ya uthibitisho itakuja huko huko.

Mshiko kwanza

Kwenye kuchagua aplikesheni za maisha ya kila siku, mimi naweka za pesa namba moja, kabla ya picha na kabla ya muziki. M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa, na ile iliyokuwa Tigo Pesa ambayo sasa inaitwa Mixx by Yas, zote zina aplikesheni zake. Mtu atauliza, si unapiga tu *150*00# na mambo yanakwenda? Ni kweli, na ule mtindo wa zamani una faida yake kubwa, unafanya kazi hata kwenye kitochi na hauli bando. Usiusahau. Lakini aplikesheni inakupa historia. Unaona umelipa LUKU mara ngapi mwezi huu, umemtumia nani, makato yamekula kiasi gani.

Kwa wawili wanaoishi mbali, hiyo historia ni tiba. Ugomvi mwingi wa "hela niliyotuma imekwenda wapi" unakwisha pale mnapokaa Jumapili baada ya chai na kila mmoja akafungua yake. Nasema kila mmoja. Sio bwana amkague bibie kama mhasibu wa halmashauri huku ya kwake ameifunga kwa kufuli tatu. Kama bwana hataki historia yake ionekane, basi asiombe ya mwenzie.

Mnaocheza VICOBA mnaifahamu M-Koba, iliyoanzishwa mwaka 2019 na Vodacom pamoja na benki ya TPB, siku hizi TCB. Uzuri wake ni kwamba pesa ya kikundi haitoki kwa utashi wa mtu mmoja, lazima waidhinishe wengine, na wanachama wanaona kinachoendelea. Yule mweka hazina aliyekuwa analala na sanduku chini ya kitanda amepumzika, na mume wake pia amepumzika.

Angalizo la haraka: kabla hujabonyeza namba ya siri, soma jina linalokuja. Lisome lote. Na ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" bado inatembea mjini hadi leo, kwa sababu daima kuna mtu ambaye kweli alikuwa anasubiri namba ya kutumia hela siku hiyo.

WhatsApp: tiki za bluu na macho mekundu

Hapa ndipo penye moto. WhatsApp ilileta tiki za bluu mwaka 2014 na tangu siku hiyo watu wanahesabu dakika. "Umesoma saa nne na robo, umejibu saa sita." Jamani, mtu alikuwa anapakia mzigo! Tiki za bluu zinazimwa, na ile ya kuonyesha mara ya mwisho kuonekana hewani nayo inafichwa. Ukiona presha inapanda kila ukiangalia, zizimeni wote wawili kwa makubaliano. Nimeandika kwa makubaliano kwa makusudi, maana ukizima peke yako usiku wa Ijumaa utajieleza mpaka Jumatatu.

Ninayoipenda mimi humo ndani ni ya kuonyesha mahali ulipo moja kwa moja, iliyoingia mwaka 2017. Unachagua dakika 15, saa 1 au saa 8, kisha inajizima. Bwana anatoka Tunduma Jumamosi jioni, anawasha ya saa 8, bibie anaona kidoti kinasogea: Vwawa, Mlowo, mara kimesimama. Kwenye barabara yenye malori mengi namna ile, kuona kidoti kimeanza kusogea tena kunashusha roho. Inakula chaji na bando kiasi, kwa hiyo awashe akiwa na chaja ya gari.

Lakini kuna tofauti ya mbingu na ardhi kati ya mtu anayewasha mwenyewe akiwa safarini na mtu anayelazimishwa kuwasha kutwa nzima. Huyo wa pili hana mpenzi, ana askari. Baya zaidi ni lile la kimya kimya. WhatsApp inaruhusu akaunti moja kufunguliwa kwenye kifaa kingine, na mtu akishika simu yako kwa dakika moja tu wakati unaoga, anaweza kuiunganisha na yake na kusoma kila kitu akiwa amekaa Nanyala wakati wewe uko Tunduma. Fungua leo sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kifaa usichokijua, kitoe. Kisha weka ile namba ya siri ya hatua ya pili, na isiwe mwaka uliozaliwa, mwenzio anaujua.

Najua wapo watakaosema mke na mume ni mwili mmoja na simu iwe moja. Sawa, kama mmekubaliana kupeana namba za siri, hongereni, wengi wanaishi hivyo na wana amani. Ninachokataa ni kuvizia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye kifaa au mfumo wa mtu bila ruhusa yake, na cheti cha ndoa hakikutajwa humo kama ruhusa. Halafu tuseme ukweli, unayemvizia hadi kwenye simu tayari una mazungumzo naye ambayo unayaogopa, na ukishasoma hayo ya simu bado utalazimika kuyafanya, safari hii ukiwa na kosa lako mkononi.

Mkopo wa dakika tano

Sasa hizi aplikesheni za mikopo. Hizi ndizo zinanitisha kuliko nyumba ndogo. Zinakuja na tangazo zuri: pakua, jaza, pesa ndani ya dakika tano, hakuna dhamana. Wakati wa kujaza inaomba ruhusa ya kuona majina yote kwenye simu yako, na wewe kwa sababu ya haraka unabonyeza kubali, kubali, kubali. Dhamana yenyewe ndiyo hiyo! Siku ukichelewa kulipa, meseji haziji kwako tu. Zinakwenda kwa mwalimu mkuu, kwa mwenyekiti wa kikundi, kwa mama mkwe, zikikutangaza kama mdaiwa sugu. Na ndivyo mwenzio anavyojua kwamba ulikopa, kupitia kwa mama yake.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni, ikawatahadharisha wananchi wasizitumie. Kufungiwa jina sio kufa, maana kubadilisha jina na nembo ni kazi ya mchana mmoja. Kwa hiyo kabla ya kupakua, angalia kwanza kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Na kama tayari umeshadhalilishwa, tambua kwamba nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume yake inayopokea malalamiko.

Ila kabla ya Tume, mwambie mwenzio. Mwambie mwenyewe, kabla meseji haijafika kwa mama mkwe. Deni la elfu hamsini linalipika kwa wiki kadhaa za kubana matumizi. Kugundulika ukiwa umeficha kunachukua muda mrefu zaidi.

Nyingine za kuweka

Google Keep, ya kuandika orodha. Mnafungua moja mnayoiona wote wawili: mafuta ya kula, sabuni, mchele wa Kamsamba, daftari za mtoto. Bwana yuko sokoni Tunduma, bibie anaongeza kitu akiwa Nanyala, kinajitokeza huku. Mkikosa mtandao inasubiri. Hakuna tena "hukuniambia". Google Maps nayo, pakua ramani ya mkoa mzima ukiwa na mtandao wa nguvu, utaitumia hata bando likikata. Ya kurushiana filamu simu kwa simu bila bando ibaki, kwa ajili ya Jumapili jioni.

Kwa kina dada, zipo za kuhesabu siku za mwezi. Zinasaidia kujua mwili wako, ila sio njia ya uzazi wa mpango, nenda zahanati kwa hilo. Na ujue unamwambia nani siri zako: mwaka 2021 kampuni ya Flo ilimalizana na Tume ya Biashara ya Marekani iliyoituhumu kwamba ilipeleka taarifa za afya za watumiaji kwa makampuni mengine, yakiwamo Facebook na Google. Kalenda ya ukutani haina tabia hiyo.

Kama bibie ni mjamzito, kitu cha maana kuliko vyote hivi wala sio aplikesheni. Ni namba 115 ya m-mama, ya bure, iliyozinduliwa kitaifa mwaka 2022 kwa ajili ya usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga. Inapigwa hata kwa kitochi cha jirani. Iwe kwenye simu zote mbili, na bibi wa mtoto aijue.

Mtandao nao una siku zake. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipata hitilafu, intaneti ikawa inajikongoja nchi nzima. Kisha kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ilizimwa kwa siku kadhaa, na watu waliozoea kuandikiana asubuhi, mchana na usiku wakakaa bila WhatsApp. Wengi tukagundua kwamba hatuna namba hata moja kichwani. Kwa hiyo chukueni karatasi, andikeni namba tano kwa kalamu, muibandike ndani ya mlango wa kabati la vyombo: yako, ya mwenzio, ya jirani mwenye gari, ya wakala wenu, na ya mama mkwe, hata kama mmenuniana.