Mafunzo ya Filamu na Televisheni: Ufundi, Fikra na Umma

Kijana wa Kengeja anapomaliza skuli na kusema nyumbani kwamba anataka kwenda chuo kusomea filamu na televisheni, wazee humuuliza: hiyo nayo ni kazi? Swali hili lisidharauliwe. Anayeuliza ameishi kwa karafuu, kwa bahari na kwa jembe. Kwake yeye kazi ni ile inayotoa kitu cha kuliwa, cha kuuzwa au cha kujengea. Tena yeye ndiye atakayeuza ng'ombe ili ada ilipwe. Ana haki ya kupewa jawabu kamili, na kumwambia kwamba siku hizi dunia ni ya picha hakutoshi.

Shabaha ya makala haya ni kueleza mambo matatu: filamu ni kazi ya namna gani, historia ya nchi yetu imetufundisha nini juu ya kazi hiyo, na, kwa sababu hiyo, mwanafunzi atazamie kufundishwa nini chuoni.

Filamu ni kazi ya uzalishaji

Watu wengi huona picha iliyokwisha na hudhani kazi yote ni kushika kamera. Hili ni kosa sawa na la mtu anayeiona karafuu ndani ya gunia akadhani kazi yote ilikuwa kupanda mkarafuu. Sisi tunajua kwamba karafuu huchumwa, huchambuliwa makonyo, huanikwa, hulindwa na mvua, ndipo hupelekwa kituoni kupimwa. Ikikosewa hatua moja, jasho la hatua zilizotangulia hupotea.

Filamu nayo ina hatua zake. Kwanza huja wazo, likachunguzwa na kuandikwa mswada. Pili huja matayarisho: kutafuta fedha, kuchagua mahali, kupanga siku na watu. Tatu ni kupiga picha na kunasa sauti. Nne ni uhariri, yaani kuchagua vipande na kuviunganisha vikawa na maana. Tano ni kuifikisha kazi kwa watazamaji na kuihifadhi isipotee. Katika hatua hizo wamo mwandishi, mtayarishaji, mwongozaji, mpiga picha, fundi wa taa, fundi wa sauti, waigizaji na mhariri. Kama ilivyo kwa wavuvi wa juya, mmoja akilegeza kamba samaki hutoka kwa wote. Kwa hiyo jawabu la kwanza kwa mzee ni hili: ndiyo, ni kazi, na ni kazi ya pamoja yenye mgawanyo wake na nidhamu yake.

Lakini kila kazi ya uzalishaji huzaa swali jingine. Nani anamiliki nyenzo? Nani anaamua kitakachozalishwa? Hapa hatuna budi kuitazama historia.

Mikono bila uamuzi

Mwaka 1935 hadi 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kulifanyika jaribio la kwanza kubwa la kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika wa Afrika ya Mashariki na ya Kati. Liliendeshwa na baraza la kimataifa la wamishenari kwa fedha za mfuko wa Carnegie wa Marekani, na mkuu wa kazi za uwanjani alikuwa Meja Notcutt. Zilitengenezwa filamu kama 35 juu ya afya, kilimo, kuweka akiba posta na mambo kama hayo. Picha zilipigwa kwa mkanda wa milimita 16, sauti ikawekwa katika sahani za santuri, na gari likazungushwa vijijini kuzionyesha.

Waafrika walikuwemo katika kazi hiyo. Waliigiza na walisaidia kazi za ufundi. Lakini nini kisemwe, kwa nini kisemwe, na mwanakijiji aonekane vipi, hayo yaliamuliwa na Mzungu. Mara nyingi mwanakijiji alionyeshwa kama mtu asiyejua kitu mpaka afundishwe na mgeni. Baadaye wakuu wa idara ya filamu ya kikoloni ya Uingereza walieneza nadharia kwamba akili ya Mwafrika haiwezi kufuata filamu yenye mwendo wa haraka, basi atengenezewe picha za polepole na nyepesi. Wakati huo huo watu wa Unguja na Pemba walikuwa wakijaza majumba ya sinema, wakifuata filamu za Kihindi, za Kimisri na za Kimarekani bila taabu yoyote, na wakitoka humo wakizijadili barazani. Nadharia ile ilitumikia utawala. Ukweli haukuwa na nafasi ndani yake.

Funzo tunalolipata ni kwamba mtu anaweza kujifunza ufundi wote wa mikono na bado akabaki kibarua katika kisa chake mwenyewe.

Chombo chetu, mkanda wa wengine

Baada ya uhuru na Mapinduzi, hatua kubwa zilichukuliwa. Bara liliundwa Shirika la Filamu Tanzania (TFC) mwaka 1968, na katika miaka ya 1970 ikajengwa Dar es Salaam, kwa msaada wa Denmark, taasisi ya serikali ya picha na sauti iliyojulikana kwa jina la AVI. Zanzibar ilianzisha televisheni yake mwaka 1973, nayo ilikuwa ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa na televisheni ya rangi nyeusi na nyeupe au hazikuwa na televisheni kabisa. Bara ilingoja mpaka mwaka 1994. Kwa visiwa vidogo kama vyetu lile halikuwa jambo dogo: kijana wa Kizanzibari aliweza kuingia studio akawa mpiga picha, mtangazaji au fundi mitambo katika chombo cha nchi yake.

Hata hivyo, kumiliki jengo na mitambo hakukutosha. Mkanda wa filamu ulinunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Filamu za rangi zilipelekwa ng'ambo kusafishwa. Kipuri kimoja kikiharibika, kazi ilisimama. Ndiyo sababu kazi kadhaa za miaka ya 1980 zilitegemea ushirikiano na wageni: «Arusi ya Mariamu» ya mwaka 1985 ilitengenezwa pamoja na Wamarekani, na «Mama Tumaini» ya mwaka 1986 pamoja na Wanorwe. TFC na AVI hazipo tena. Televisheni Zanzibar na redio ya serikali ziliunganishwa kwa sheria ya mwaka 2013 na kuwa Shirika la Utangazaji Zanzibar (ZBC).

Ukinzani umehama

Video ilikuja ikabadili hali. Kanda ya video haikuhitaji kusafishwa maabara. Kuanzia miaka ya 1990, na zaidi baada ya mwaka 2000, vijana wa Dar es Salaam walitengeneza mamia ya filamu za Kiswahili kwa fedha kidogo, na watu wa Afrika ya Mashariki nzima wakazinunua. Kamera ilikuwa imeshuka kwa umma. Lakini usambazaji ulishikwa na wafanyabiashara wachache. Mtengenezaji aliuza haki zake zote mara moja kwa bei aliyotajiwa, na wezi wa kunakili wakala kilichosalia.

Leo kijana wa Kengeja ana simu inayopiga picha safi kuliko kamera nyingi za zamani. Je, tuseme tatizo la nyenzo limekwisha? Hapana. Limehama. Zamani ugumu ulikuwa kuipata kamera. Sasa ugumu upo katika mambo mawili: maarifa ya kuipa picha maana, na njia ya kuifikisha kwa watu. Mitandao inayobeba picha zake ni mali ya makampuni ya ng'ambo. Hayo ndiyo yanayopanga kipi kionekane na mwenye kazi alipwe nini. Mkulima wa karafuu anaielewa hali hiyo haraka kuliko msomi yeyote: ana mkarafuu, lakini bei hupangwa mbali na shamba.

Chuo kifundishe nini

Kwa maelezo hayo, mafunzo yanayostahili kuitwa mafunzo yana nguzo tatu, na ikikosekana moja nyumba huinama.

Nguzo ya kwanza ni ufundi. Mwanga, lenzi, sauti, uhariri, utunzaji wa vifaa na hesabu ya fedha lazima vijulikane barabara. Nia njema haiponyi sauti mbovu. Kengeja tuna skuli ya sekondari ya ufundi, na hapa hatuhitaji kukumbushwa kwamba fundi hujulikana kwa kazi yake.

Nguzo ya pili ni fikra. Anayejua kupiga randa hajawa bado mchoraji wa ramani ya nyumba. Chuo cha kwanza cha filamu duniani kilianzishwa Moscow mwaka 1919, wakati mkanda wa filamu ulikuwa adimu mno. Mwalimu mmoja wa huko, Lev Kuleshov, aliwafanyisha wanafunzi wake mazoezi ya filamu bila mkanda, na akachunguza jinsi vipande viwili vya picha vikiwekwa pamoja vinavyozaa maana ambayo haimo katika kimoja peke yake. Tuchukue mfano wa hapa. Piga picha ya uso wa mzee aliyekaa kimya barazani. Ifuatishe na picha ya karafuu zilizoanikwa, na wingu jeusi juu yake. Mtazamaji atasema mzee ana wasiwasi. Chukua uso ule ule, ufuatishe na picha ya ngalawa inayoingia pwani. Sasa atasema mzee anamngoja mwanawe. Uso haukubadilika hata kidogo. Aliyeunganisha vipande ndiye aliyesema. Ujuzi huo unaweza kueleza ukweli na unaweza kusema uwongo bila kutamka neno. Ndiyo maana mwanafunzi asiyefundishwa historia, lugha, uchumi na maadili ya kazi yake ni hatari kwa kadiri alivyo hodari.

Nguzo ya tatu ni umma. Sembène Ousmane wa Senegal alikuwa kuli wa bandari ya Marseille, kisha mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa. Alipoona kwamba watu aliowaandika hawawezi kumsoma, alikwenda Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960, hali ya kuwa mtu mzima, akajifunza filamu. Mwaka 1968 akatoa «Mandabi», filamu iliyozungumza Kiwolofu, lugha ya watu wake. Sisi tuna bahati ya Kiswahili, kinachoeleweka kutoka Lamu hadi Kongo ya mashariki. Kukitumia vizuri, pamoja na Kipemba chetu pale kinapostahili, ni kazi ya kufundishwa chuoni kama ilivyo kazi ya taa.

Wajibu wa kila upande

Vyuo vipo. Nairobi kuna Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya, iliyoanza katika miaka ya 1960 kwa kuwafunza watangazaji na mafundi mitambo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina masomo ya sanaa na ya uandishi wa habari. Unguja, chuo cha uandishi wa habari kimeingizwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA). Kabla ya kupanda boti Mkoani, mwanafunzi na mzazi waulize kwa uwazi: Je, mwanafunzi atamaliza akiwa ametengeneza kazi yake kamili, au atamaliza na madaftari tu? Kamera ni ngapi na wanafunzi ni wangapi? Uhariri na sauti vina mwalimu wake? Mkataba na haki za mtunzi vinafundishwa? Chuo kisichoweza kujibu maswali hayo hakistahili ng'ombe wa mzee.

Mzazi naye asimzuie mtoto wa kike kwa kuwa tu kazi hii ina safari na saa za usiku. Aulize usalama na malazi kama angeuliza kwa masomo ya uuguzi. Ukulima wa mwani ulianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Kuna mambo ambayo mkulima wa mwani atamweleza msichana aliyekaa naye majini, na ambayo hatamweleza mwanamume mgeni mwenye kamera.

Kijana asingoje chuo ndipo aanze. Kwa simu aliyonayo anaweza kufuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho: uchumaji wa karafuu, uundaji wa ngalawa, ngoma ya msewe, mchezo wa ng'ombe. Aombe ruhusa kwanza. Akimaliza, aionyeshe kwa wale wale aliowapiga picha, ukutani kwa shuka nyeupe kama hapana kingine, akae kimya awasikilize wakimkosoa. Tamasha la Filamu la Zanzibar, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, limewahi kupeleka maonyesho vijijini Unguja na Pemba. Vijiji vyenyewe vinaweza kufanya hivyo bila kungoja tamasha.

Na aliyehitimu ana deni. Wazee waliomlipia ada wanajua mambo ya bahari, ya dawa na ya Mapinduzi ambayo hayajaandikwa popote. Kila mwaka baadhi yao wanazikwa nayo. Mhitimu wa kwanza atakayerudi Kengeja na kuketi nao mmoja mmoja, akanasa sauti zao vizuri, akaweka nakala skulini na nakala katika hifadhi ya nyaraka, atakuwa amemjibu yule mzee aliyeuliza kama hii nayo ni kazi.